Futi Kumi za Jericho

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Kyule alifagia uwanja wa mpira wa kikapu pale mtaani Jericho. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amestaafu udereva wa lori la taka, na ufagio ulikuwa wake mwenyewe. Alianzia chini ya ringi akarudi kinyumenyume hadi mstari wa katikati, asije akakanyaga alipokwisha kufagia. Mchanga unadanganya, aliwaambia vijana aliowafundisha hapo. Gadi akiteleza, hutajua ni miguu yake au ni mchanga.

Gadi ni yule mchezaji anayeuleta mpira mbele na kuwapanga wenzake, na Kyule alikuwa na jicho la kumtambua. Mawakala wa ligi za kulipwa walimjua. Msimu wa uteuzi ukikaribia walimpigia simu: mzee, nipe mtu. Yeye aliangalia wiki nzima bila kusema neno, akaandika daftarini kwa penseli. Akiwa na hakika, alipitisha kalamu ya wino juu yake.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa amepeleka watu watatu: Owuor, kisha Wamalwa, kisha Caleb. Wote walirudi nyumbani. Kwenye majaribio mipira yao iligonga chuma cha mbele na kurudi, mmoja baada ya mwingine, na Kyule aliandika kwa wino mbele ya kila jina: Moyo mdogo. Anaogopa watu.

Mwaka huu alikuwepo Jacklyne. Miaka kumi na tisa, binti wa karani wa reli, mwembamba, mwenye mabega yasiyotulia. Wakala mmoja aitwaye Lusweti alitaka tathmini yake kwa maandishi: mbio, mkono, akili ya mchezo, na mipira hamsini ya kurusha kutoka mbali. Pale Jericho Jacklyne aliingiza arobaini na mmoja. Kyule aliandika 41 kwa penseli, na usiku huo alilala vizuri.

Kesho yake ubao wa ringi ulipasuka. Aliyekuja kuutengeneza ni Mativo, mchonga vinyago, rafiki yake wa kanisani. Alipima kutoka chini hadi juu, akapima tena.

"Kyule, ringi yako iko chini."

"Iko chini vipi? Soma nguzo."

Kwenye nguzo palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe, FUTI KUMI. Ulikuwa ni mwandiko wa Kyule, wa tangu ringi iliposimamishwa.

"Nguzo nimesoma. Tepu inasema tisa na inchi saba."

"Hiyo ni tepu ya kupimia twiga wa mbao."

"Twiga wangu wamefika hadi Ujapani, hakuna aliyerudisha hata mmoja. Hebu njoo ushike hapa chini."

Kyule alishika. Ndipo akakumbuka. Uwanja ulikuwa umemwagiwa simiti mara mbili juu ya ile ya zamani, mara ya kwanza ulipopasuka, mara ya pili baada ya mvua kubwa, zote kabla ya Owuor. Sakafu ilipanda, ringi ikabaki palepale. Na mara zote mbili, simiti ilipokauka, ni yeye aliyechukua brashi akayapaka yale maandishi rangi upya, yang'ae.

"Inchi tano," alisema. Akaketi kwenye ndoo ya Mativo na hakuinuka haraka.

Jumatano alimpeleka Jacklyne kwenye uwanja wa shule moja ambao Mativo alikuwa ameupima kwanza. Wachezaji wenzake waliwafuata kuangalia. Mpira wa kwanza uligonga chuma cha mbele. Wa pili pia.

"Jackie, leo ni kama ringi imekublock," Hodo, mmoja wa wenzake, alimtania.

"Hodo, nyamaza nisikutumie kama mpira."

Kati ya hamsini aliingiza ishirini na miwili. Alikuja kwa Kyule akiuangalia mkono wake. "Kochi, mkono wangu umeharibika?"

"Mkono wako ni mzima. Mimi ndiye niliyekufundisha njia fupi." Akamweleza habari ya simiti, polepole, na Hodo aliyekuwa akicheka aliacha.

Jumamosi Lusweti alikuja na fomu. Alimsikiliza Kyule hadi mwisho, kwa heshima.

"Mzee wangu, majina yanafungwa Jumatatu. Fomu ina nafasi ya kuandika idadi moja tu. Arobaini na moja ameipiga, hakuiba."

"Ameipigia ringi ya watoto."

"Hakuna atakayekuja Jericho na tepu."

Jacklyne alikuwa amesimama hapo na mpira kiunoni. "Iandike hiyo, kochi. Nikifika huko nitajizoeza."

"Huko utapewa siku mbili. Ukikosa, jina lako halirudi tena mezani."

"Mimi si Caleb."

"Caleb naye aliniambia yeye si Wamalwa."

Jacklyne aliugonga mpira chini mara moja, akaushika. "Basi andika unavyotaka. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Kyule aliandika kwa wino moja kwa moja: 22. Chini yake, kwa herufi ndogo: Amefunzwa kwenye ringi iliyo chini kwa inchi tano. Kosa ni la mwalimu. Miguu, jicho na akili ni vya ligi. Mpimeni tena mwakani.

Lusweti alisoma, akakunja karatasi. "Umejichoma mwenyewe, mzee."

"Najua."

Orodha ilipotoka jina la Jacklyne halikuwemo. Siku hiyo Kyule alitembea hadi Kiamaiko, ambako Caleb alikuwa akifanya kazi ya kuchinja mbuzi. Alimkuta amemshika beberu pembe. Kyule alimwambia yote wakiwa wamesimama, watu wakiwapita.

"Inchi tano?" Caleb aliuliza.

"Tano."

"Mimi nilimwambia mama ni woga. Wewe ndiye uliyesema ni woga, kochi, na mimi nikaona mzee amejua." Beberu alivuta, naye akamrudisha. "Haya. Nimesikia. Wacha nimalize kazi."

Kyule alirudi nyumbani kwa miguu. Alifungua daftari akayakata yale maneno mara tatu, mbele ya majina matatu, lakini wino ulikuwa umekolea na bado yalisomeka.

Siku mbili baadaye yeye na Mativo waliinua ringi. Kyule aliikwangua ile rangi kwenye nguzo hadi chuma kikaonekana, akafunga waya kwenye nguzo, usawa wa mkono, akatundika tepu. Asubuhi iliyofuata alifagia kama kawaida. Alipofika mstari wa katikati alimwona Jacklyne akiingia na mpira. Tangu Jumamosi ile hawakuwa wamesalimiana.

Jacklyne hakumsalimia hata sasa. Alichukua tepu kwanza, akapima, akairudisha. Kisha akaanza kurusha. Mipira mingi iligonga chuma cha mbele.

Baada ya muda, bila kugeuka, alisema, "Kochi, unanihesabia?"

"Hesabu mwenyewe," Kyule alisema. "Hesabu yangu umeiona ilivyodanganya. Sasa tepu inatosha."

Aliuegemeza ufagio kwenye nguzo, akatoka kwa lango la upande wa soko, na uwanjani hapo hakurudi tena.