Kilio cha Mama Kimegeuzwa Kichekesho Mtandaoni

Admin, nifichie jina, na ninyi wenzangu mnisome bila kunitukana. Nina miaka thelathini na miwili, nimeolewa, nina watoto. Kwetu ni Rubongi, karibu na Tororo, Uganda, lakini siku hizi naishi Busia, navuka mpaka kila asubuhi nakwenda kuuza mitumba upande wa Kenya. Mambo ya mitandao sikuwa nayajua sana.

Mwaka jana mdogo wangu, nimwite Okoth, alifukiwa na shimo la kuchimba dhahabu kule Tiira. Ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani na mama. Siku ya mazishi mama alipiga magoti, akaligonga jeneza kwa viganja huku akimwita kwa lugha yetu, Kidhopadhola, "Okoth, inuka baba, mvua inakuja, ng'ombe bado wako nje." Kisha akazimia. Dada yetu mdogo alikuwa anarekodi ili kaka yetu aliye Uarabuni aone. Video ilikuwa ndefu, ikakataa kutumwa, basi akaiweka kwenye ukurasa wake, wazi kwa kila mtu. Hakujua kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua, akaikata, akabandika maneno yake.

Miezi ikapita. Siku moja jirani yangu wa kibanda, Mkenya ambaye huwa tunakula naye chakula cha mchana, akanisogezea simu. "Cheki huyu mathe, utakufa kicheko!"

Nikaona viganja vya mama. Jeneza wamelikata, halionekani, amebaki mwanamke anayepigapiga hewa na kupiga kelele. Chini wameandika, "Mama mkwe akiambiwa nyama imeisha." Sauti ni ile ile, ng'ombe bado wako nje.

Nikamwambia, "Huyo ni mama yangu. Alikuwa anamzika mtoto."

Akaifunika simu kwa leso yake. "Dadangu, nisamehe. Nimeshaituma kwa magrupu yote."

Nilipomweleza dada, aliogopa sana, akaifuta video kwenye ukurasa na hata kwenye simu yake. Alidhani ukifuta yako, na za wengine zinapotea. Wapi! Ziliongezeka. Huyu kaitumia kwa mambo ya mpira, yule kwa bei ya sukari. Kuna kijana nilimwandikia nikamsihi aitoe. Akajibu, "Na mimi nimeitoa kwa mtu, mama. Wewe cheka tu."

Sasa kilichonileta hapa. Kaka amemtumia mama simu kubwa, nami nimeagizwa nimpelekee Jumapili. Mama alinipigia kwa kasimu kake ka tochi, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, nasikia mazishi ya Okoth yako kwenye simu. Mimi siku ile sikumbuki kitu. Nilianguka, nikazinduka mtoto ameshafukiwa. Nataka nione nilimuagaje."

Akadhani laini imekatika. "Halo? Mwanangu, uko?"

Ile video nzima haipo tena, zilizobaki ni za kicheko. Mume wangu anasema nidanganye kwamba simu imekwama kwa watu wa forodha. Dada analia, anasema mama asijue kamwe. Lakini nikinyamaza, ipo siku mtu atamsogezea simu sokoni, acheke mbele yake, na mama ataisikia sauti yake mwenyewe akimwita mwanawe.

Admin, usikasirike, hata ukurasa huu uliwahi kuiweka. Ile ya mama mkwe. Nilisoma maoni yote mpaka chini kabisa, nikitafuta hata mmoja aliyeuliza, "Huyu mama analilia nini?" Sikumpata.

Kama kuna aliyehifadhi ile nzima, yenye jeneza, tafadhali ampe Admin inifikie. Na kama haipo, ninyi mliofiwa na ninyi wenye mama, niambieni: Jumapili nikifika Rubongi, mama akinipokea simu na kuniambia nimfungulie aone alivyomuaga mwanawe, nimjibu nini?