Sultani, Tairi la Mwavita

Mwavita binti Atumani hakujua kutembea. Miguu alikuwa nayo, tena mirefu kama ya korongo, ila ukimtuma chumvi alikwenda mbio, ukimtuma maji mbio, na mbele yake sikuzote liko tairi, analisukuma kwa mikono miwili, linaruka mashimo ya mtaa wetu wa Buyenzi, na yeye nyuma, mtandio shingoni badala ya kichwani. Tairi lilitoka kwenye gari lililokufa hapo gereji kwa baba yake. Alilipa jina: Sultani.

Mwaka ule ulikuwa wa ambargo, vile vikwazo vya nchi jirani. Mipaka imefungwa, petroli inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, vipuri hakuna. Kwa Fundi Atumani magari yalilala juu ya mawe. Basi dogo moja jeupe lililala hata kuku akataga chini ya usukani. Usiku risasi zililia huko milimani. Asubuhi watu wakaulizana habari, kisha kila mtu akarudi kazini kwake, maana tumbo halisikilizi habari.

Kazi zilipopungua, hasira za Fundi ziliongezeka. Wiki ile Sultani alikuwa amekwisha kumwaga beseni la mama mmoja aliyekuwa anafua, tena akaingia uwanja wa msikiti na kuvuruga viatu vya watu wanaosali. Fundi akamwita binti yake.

"Sikiliza, we. Mutu mumoja tu arudi hapa kunilalamikia, hii tairi inaenda kwa Marcellin."

Marcellin alikuwa mkata kandambili za matairi, kibanda chake pale kona. Kisu chake kilipita kwenye mpira kama kwenye mkate.

"Haki ya Mungu, baba, sitarudia," akaapa Mwavita. Lakini kiapo cha mtoto ni umande. Jua likipanda, hukioni.

Ng'ambo ya gereji alikuwa amehamia mpangaji mpya, Mama Destin, mkimbizi wa Uvira, upande wa pili wa mpaka. Aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Aliwanunua wangali na maji, kwa bei ya chini, akawaanika kwenye mkeka mbele ya nyumba. Mlinzi wa mkeka alikuwa mtoto wa dada yake, Lisette, rika moja na Mwavita. Alikaa hapo kutwa na ufito mkononi, anafukuza kunguru. Tangu aje hakuna aliyesikia sauti yake. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kumpa jina la Bubu. Miguu yake ilikuwa mitupu. Viatu vilibaki njiani siku ya kukimbia, na nani angerudi kuviokota?

Siku moja, baada ya adhuhuri, Mama Destin yuko sokoni, Mwavita akatokea kona na Sultani. Kukawa na jiwe. Sultani akaruka, akaacha njia, akapita mkeka toka ncha hii mpaka ncha ile. Ndagala wakarushwa juu kama wanaorudi ziwani.

"Yooo!" Bubu akapiga kelele. "We mupumbavu! Hauna macho?"

Mwavita akasahau tairi. "Kumbe unasema?"

"Nasema! Na mama mudogo akirudi nitamwambia ni we!"

Mwavita akaona kisu cha Marcellin mbele ya macho yake. Akapiga magoti mchangani. "Dada yangu, usimwambie. Baba akisikia, Sultani anakatwa."

"Sultani ni nani? Ndugu yako?"

"Ni tairi."

Lisette akalitazama tairi, limelala ubavu ndani ya mtaro. Akabana midomo asicheke. "Na mi je? Akikuta samaki na muchanga, mi ndiye nitapigwa. Kila siku ananiambia, 'We hata kazi ya kukaa inakushinda.'"

Kunguru walikuwa wamekwisha kushuka. Wasichana wakasahau ugomvi, mmoja akashika ufito, mwingine akaokota. Wakawaosha ndagala kwenye beseni mpaka mchanga ukabaki chini. Lakini sasa samaki wamelowa kama siku ya kwanza, na alasiri inakaribia.

Mwavita akatazama gereji. "Njoo. Paa la lile basi linaungua kama kikaango."

"Mi naogopa juu."

"Ulivuka mto Ruzizi, unaogopa basi?"

Wakapanda kwa kukanyaga boneti. Mwavita alivaa kandambili, Lisette alirukaruka juu ya lile bati la moto, "Ai! Ai!", lakini hakushuka mpaka ndagala wa mwisho alazwe. Kisha wakaingia ndani ya basi kulinda, ufito umetoka dirishani. Mwavita akashika usukani.

"Uvira! Uvira! Bado mutu mumoja!" Lisette akaita, kama wapiga debe wa kwao.

"Mupaka imefungwa, mama."

"Basi yetu inapita juu yake!"

Lisette akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, hata kuku akatoka mbio chini ya usukani.

Mama Destin akarudi, akakuta mkeka mtupu. "Yeyee! Lisette! Wameiba samaki na mutoto pia?"

Wasichana wakatoka. Fundi Atumani naye akaja, anafuta mikono. Mama Destin akapanda boneti, akachukua ndagala mmoja, akamvunja. Ka! Mkavu.

"Hawa wamekauka kushinda wa jana. Nani alileta hii akili?"

Lisette akamwonyesha Mwavita kwa kidole. Hapo mambo yangeishia vizuri, ila Fundi alikuwa anautazama mkeka. Alama za tairi alizijua kama sura za wanawe.

"Na hii barabara hapa katikati, nani alipita?"

"Ni mi, baba," Lisette akasema upesi. "Niliomba tairi nijaribu."

Mwavita akapita mbele yake. "Apana, baba. Ni mi."

Fundi akamgeukia jirani. "Mama Destin, unasemaje?"

Mama Destin akatafuna yule ndagala polepole. "Ulinisikia nikilalamika, Fundi? Mi nauliza tu: kesho hiyo paa iko na kazi?"

Fundi akacheka, jambo lililokuwa adimu mwaka ule. "Toka ambargo hii basi haijabeba mutu. Ibebe ndagala."

Basi Sultani akapona. Mwavita akalikumbatia tairi lake, akageuka, akamwona Lisette anavuka njia kwenda kwao kwa visigino, vidole juu, kwa malengelenge aliyopata juu ya paa.

Asubuhi akalisukuma tairi mpaka kona, polepole.

"Huyu si Sultani?" Marcellin akashangaa. "Baba yako amekutuma?"

"Apana. Kata pea mbili, sawasawa. Itakayobaki ni yako." Kisu kilipoingia akageuza uso, akajifanya anahesabu kunguru.

Tangu siku hiyo Mwavita alijua kutembea, maana Lisette hakupenda mbio. Walikwenda bega kwa bega, na kila walikopita vumbi lilibaki na alama zile zile za tairi. Mama yake Mwavita, akikuta uwanja aliokwisha kuufagia umechorwa tena, alishika kiuno na kupiga kelele: "Sultani amepita tena hapa!"