Mpimaji wa Damu za Moyo

Mpimaji wa maabara yetu huzisemesha chupa za damu kama mama anayewaamsha watoto wa shule. "Haya, jipangeni, msinitie aibu." Ana mikono myepesi isiyomwaga hata tone, ila mdomo wake ndio hauna breki. Hupima damu za watu waliopatwa na mshtuko wa moyo, aone jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Juzi fundi cherehani mmoja, aliyenusurika wiki iliyopita, aliletwa na mkewe kutolewa damu mara ya pili. "Mwanangu, hizo jeni zangu zinasemaje?" akamuuliza mpimaji. "Zina kelele, mzee. Kuna vitu vidogo tunaviita maikroRNA, kazi yao kuzinyamazisha. Moyo ukiumia, vingine huzidi, vingine hupungua, basi kila jeni inasema lake." Mke akadakia, "Nyumbani hiyo kazi naifanya mimi, na hanyamazi!"

Tukacheka wote, kisha fundi akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini nitapona?" Vipimo vyetu ni vya utafiti tu, havijui ya kesho. Mpimaji akavua glovu, akamshika fundi kifundo cha mkono, akahesabu mapigo dakika nzima huku akitazama saa ya ukutani. "Sabini na mbili," akasema. "Ya leo ni mazuri, mzee. Ya kesho muulize daktari."

Fundi akashusha pumzi. Mkewe naye akanyoosha mkono. "Nihesabie na mimi. Aliyeugua ni yeye, aliyeogopa ni mimi."

Yalikuwa mia moja na kumi.