Nilimvua Mama Mdogo Ukoo Wake

Sitaki mnionee huruma. Wengi wanaoungama hadharani hutafuta kubembelezwa, mimi sina cha kubembelezewa. Nilichokifanya kinanitia kinyaa, na kinyaa chenyewe hakitoki nikisali wala nikioga.

Mimi ni mama mtu mzima, naishi Morogoro Mjini, nauza viungo sokoni. Kwetu ni milimani, Kinole. Majina yote humu nimeyabadilisha na langu silitaji. Ndiyo, ni woga. Mtaona huko mbele kwamba woga ndio mdogo kati ya maovu yangu.

Kwa asiyejua, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ana heshima yake, lakini shamba, kaburi na nafasi ya kusema kwenye kikao vinatoka kwa mama, na kwa mama wa mama, hadi huko nyuma kabisa. Ukikatwa kwa mama, ndugu yangu, umekwisha. Unabaki mgeni palepale kilipozikwa kitovu chako.

Ukoo wetu uliamua kuyajengea makaburi ya mabibi wa zamani. Kila kaburi liandikwe jina la bibi na jina la mama yake. Mjomba Pius, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye anayeongoza vikao. Akanigeukia mbele ya watu akasema, "Wewe uko mjini, unajua kusoma na kufuatilia. Nenda kanisani kaangalie." Jamani, nilivimba kichwa kama nimepewa uwaziri!

Mabibi walionisumbua walikuwa wawili, Monika na Veronika. Monika ndiye aliyemzaa bibi yangu. Veronika ni bibi yake Felista, ambaye kiukoo ni mama yangu mdogo. Walikulia nyumba moja, wakaitwa dada, na kila mtu alijua hivyo tu, ila jina la mama aliyewazaa hakuna aliyelitaja.

Nikaenda parokiani. Katekista alinipokea vizuri, akapekua kabati zima, akatikisa kichwa. "Kitabu cha kwanza cha ubatizo hakipo, mama. Wengine wanasema mchwa, wengine wanasema mapadri wa zamani waliondoka nacho. Hiki kilichopo kinaanzia hawa mabibi zako wakiwa wameshaolewa." Akanishauri niandike majina yao tu, nafasi ya mama niiache wazi. Mungu hana haja ya kibao, akasema.

Ningemsikiliza leo ningekuwa nalala. Ukimchunguza sana bata humli, na mimi nilishikilia kuchunguza hadi utumbo.

Nikamwendea Bibi Agata, mkongwe kuliko wote waliobaki. Mama yake alikuwa dada mkubwa wa Monika na Veronika. Nilimkuta kibarazani anapukuchua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na yale yale?"

Maana nilikuwa nimeshakuja mara nyingi, leo na sukari, kesho na khanga, na kila mara ananifukuza. "Mama zao wa nini? Wamekufa, wamezikwa, wamezikwa vizuri." Siku ile alichoka. Alisukuma ungo pembeni akaniambia niketi.

"Mmoja alizaliwa humu," akasema. "Mmoja aliletwa mwaka wa njaa. Mtu alitoka bondeni na mtoto wa kike, akapewa mtama, akamwacha mtoto. Bibi yangu akawanyoa wote siku moja, akawavika nguo moja, akawapeleka kwa padri siku moja. Walipovunja ungo akawaweka ndani pamoja, wakachezwa ngoma moja. Akasema atakayeuliza ni yupi, chakula cha nyumba hii kisimpite kooni."

"Sasa ni yupi, bibi?"

"Sijui. Mama yangu alijua. Hakuniambia, na nashukuru hakuniambia. Na wewe hujasikia kitu hapa."

Nikamwitikia kwamba sijasikia. Nikashuka mlima, na hapo ndipo nilipoanza kuoza.

Niseme ukweli wote. Shamba la Felista ndilo shamba bora la ukoo. Lina chemchemi, lina mikarafuu ya siku nyingi, pilipili manga imepanda juu ya miti hadi huwezi kuona shina, na iliki chini kwenye kivuli. Sehemu yetu ni mteremko wa changarawe unaoteleza kila masika. Kwa miaka nilinunua karafuu kwa Felista nikaziuze mjini, na kila nikizipima roho iliniuma. Huyu Felista ndiye aliyenilea mama alipougua! Ndiye aliyenisuka nikaenda shule. Roho ikaniuma hivyo hivyo.

Bibi Agata alifariki masika yaliyofuata. Tulipomaliza matanga, ukoo ukakaa kikao, na Mjomba Pius akaniita nitoe taarifa ya makaburi.

Nikasimama. Nikaeleza habari ya kitabu kilichopotea. Nikaeleza ya mwaka wa njaa, ya mtama, ya mtoto kutoka bondeni. Kisha nikasema, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo, kwamba marehemu Bibi Agata aliniambia aliyeletwa ni Veronika.

Ptuu! Hata kuandika naona uchafu mdomoni.

Felista alikuwa mlangoni ameshika sinia la viazi, maana yeye ndiye aliyetupikia siku ile. Hakulia. Alilitua sinia chini polepole, akanitazama mimi peke yangu.

"Mwanangu, Bibi Agata amekwambia, au wewe ndiye uliyetaka iwe hivyo?"

Nikamjibu, "Mama mdogo, mimi ni mjumbe tu." Mjumbe hauawi, si ndivyo wasemavyo? Nikajificha nyuma ya methali kama nguruwe nyuma ya mgomba.

Uamuzi haukuchukua muda. Shamba lirudi kwa ukoo. Felista na wanawe wakae kwa hisani, wasizungumze kikaoni, na siku yake ikifika azikwe pengine. Shamba likakabidhiwa kwangu "nilitunze." Mjomba alilitamka neno hilo bila kupepesa macho, na mimi nikapiga magoti kushukuru. Magoti!

Basi kijiji kizima kikapata la kusema. Watoto wakaanza kuwaita wajukuu wa Felista "mtama." Mtama pita huku, mtama njoo uchote maji. Mke wa mwanawe mkubwa akarudi kwao, akasema hakuolewa kwa watu wasio na mizizi. Felista akavumilia kidogo, kisha akafunga mizigo akateremka Mkuyuni. Amepanga chumba, anauza ndizi sokoni. Mwanamke aliyekuwa anagawa miche ya karafuu kijiji kizima!

Mavuno ya kwanza niliyasimamia mwenyewe. Karafuu zilikuwa nzuri, nyekundu, zimejaa. Nilipozianika harufu ikanipanda kichwani nikatapika nyuma ya nyumba. Nikasema ni malaria. Nikapima, hamna malaria. Kwa miezi mingi, mteja akifungua gunia mbele yangu nilitafuta sababu ya kuondoka mezani.

Ikaja nyingine ya kuchefua zaidi. Watu wa koo nyingine wakaanza kunifuata mjini. Mmoja alikuja na jogoo, akaninong'oneza, "Dada, tusaidie na sisi. Kuna ndugu yetu mmoja tunamtilia shaka, bibi yake hatumuelewi." Anatabasamu! Ananiona fundi mwenzake. Nilimfukuza na jogoo wake, lakini alipoondoka nilijiuliza namfukuza kwa heshima gani niliyonayo.

Nikaona basi, nitasema. Nikapanda Kinole, nikamwendea Mjomba Pius peke yake, nikamwambia yote. Kwamba Bibi Agata hakujua. Kwamba aliyeletwa anaweza kuwa Veronika, na anaweza kuwa Monika, yaani bibi yake Mjomba mwenyewe. Jina nililitia mimi.

Nilitegemea atanipiga. Afadhali angenipiga. Alitafuna muwa wake, akatema makapi, akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini, mjomba?"

"Nilijua Agata hajui. Mama yangu alimuuliza tangu mimi mdogo, akajibiwa hivyo hivyo."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niseme nini? Niseme labda ni sisi? Wewe una akili, mwanangu, ulituokoa. Nyamaza. Ukifungua mdomo unatutoa sote, mimi, wewe, na hao watoto wako wa kike."

Akaingia ndani akanifungia iliki kwenye mfuko, za kwenda nazo mjini. Na mimi nikazipokea. Nilisimama pale, nikasema ahsante mjomba, nikazibeba. Hilo ndilo linalonichefua kuliko lile la kikaoni. Kikaoni nilikuwa na tamaa. Hapa nilikuwa najua kila kitu, na bado mkono ukanyooka.

Sijasema kwenye kikao hadi leo. Nikipita Mkuyuni naangalia upande wa pili wa barabara. Binti yangu mkubwa ananiuliza kwa nini hatuendi tena kumsalimia bibi Felista, namwambia ana mambo mengi.

Nyie mnaosoma, hasa nyie vijana mnaotafuta asili zenu siku hizi, sikilizeni. Ukiambiwa kitabu hakipo, shukuru, rudi nyumbani. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kuna mahali walifunga mlango makusudi ili mtoto mwenye njaa apate mama, na wakala kiapo kuulinda. Ukiubomoa, usidhani utaikuta kweli imekusubiri ndani. Utakuta nafasi tupu, na tamaa yako itaijaza upesi kuliko ulimi unavyotamka. Na kama umeshaijaza, kaseme leo, kabla hujazoea. Mimi nimeanza kuzoea. Mwezi huu nimeuza karafuu bila kutapika.

Mama mdogo, wewe macho yako si ya kusoma tena, lakini Mkuyuni kuna watu wengi, huenda mmoja akakusomea. Uliniuliza swali mbele ya watu nikakujibu kwa methali. Jibu ni hili: Bibi Agata hakutaja jina la mtu.

Nilitaka iwe hivyo.