Kofia ya Mama kutoka Buffalo

Jamani, leo wivu umenishika kanisani mpaka nikashindwa kuimba!

Likizo hii ya Krismasi nilimfumia Mama soksi za sufu hapa Louisville. Mdogo wangu Furaha, anayeishi Buffalo, naye akamtumia kofia aliyoifuma mwenyewe.

Leo Mama kaivaa. Kila mtu, "Mama, umependeza!"
Naye anajibu, "Ni Furaha wangu huyo!"

Na mimi nimesimama hapo hapo.

Kwenye gari uvumilivu ukaniisha. "Mama, soksi zangu hukuzipenda?"

Akavua buti. Alikuwa amezivaa! "Mwanangu, tangu unipe hizi, miguu hainiumi tena."

Nikalainika, kweli.
Lakini soksi nani anaziona?

Nimepita dukani kuchukua uzi mwekundu. Namfumia skafu ya kufika magotini!

Mngekuwa nyinyi, mngenyamaza?