Aliyewaambia Wasikate Mkia

Shemeji yake alimtoa kwenye kundi la simu alilolilea tangu likiwa changa, akachukua maneno yake, akawa anayafundisha kana kwamba ni ya kwake. Kosa lenyewe ndilo hilo. Ukilipamba vipi, halibadiliki.

Mwanamke huyu ni msusi. Anasukia sebuleni kwake, mteja chini kwenye mto, yeye juu kwenye kiti, simu imeegemea kopo la mafuta ya nywele. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo kusoma anasoma kwa kusuasua, na kuandika ndiyo kabisa. Ila mdomo hakunyimwa.

Mdogo wa mumewe ndiye aliyemwingiza kwenye biashara ya linki. Kuna duka la vyombo linalouza kwa simu, na kila anayelitangaza hupewa linki yake. Mtu akiibonyeza akanunua, duka linajua nani kamleta, na huyo aliyemleta anapata kamisheni. Shemeji alikuwa akiingiza watu wapya kila kukicha, akakosa muda wa kuwashika mkono.

"Shemeji, nishikie hawa wageni," alimwambia, amesimama mlangoni na funguo za pikipiki zinamning'inia kidoleni. "Wewe si unapenda kuongea?"

"Napenda kuongea na wenye akili. Wewe nakuvumilia tu."

"Basi wavumilie na wao."

Akawavumilia. Mikono yake ikiwa kwenye nywele za watu, alimwomba mteja ambonyezee kitufe cha kurekodi, naye akazungumza huku anasuka, sauti ikaenda kundini. Wageni wengi hawakuwahi kumwona uso. Walimjua kwa sauti, wakamwita Shangazi.

Wa kwanza kumhangaisha alikuwa dobi wa mtaa wa nyuma. Dobi alituma linki kila mahali, jirani zake wakanunua masufuria akiona kwa macho yake, lakini kwenye akaunti yake hakuingia hata mmoja. Akaja na simu, sauti imeshaanza kukatika.

"Dada, mimi nina mkosi."

"Huna mkosi. Hebu tuma nikuone."

Dobi akanakili linki, halafu kwa makini kabisa akafuta kipande chote cha nyuma, yale maherufi na tarakimu zisizosomeka. Aliona yanachafua ujumbe. Mtu aliyeishi kwa kunyoosha makola asingeweza kuiacha linki imekunjamana namna ile.

Msusi akaweka simu mbili sambamba, linki ya dobi kabla haijakatwa na linki yake mwenyewe. Hakuhangaika kusoma. Alitazama maumbo tu, kama anavyotazama misuko. Mwanzo ulikuwa mmoja, mwisho mbalimbali.

"Huu ni mkia," akasema. "Mkia ndio unaosema mteja kaletwa na nani. Ukishaukata, umempeleka dukani halafu umejificha."

Dobi alicheka mpaka akakaa chini, kicheko cha mtu aliyepona. Siku hiyohiyo ikatoka sauti kwa wageni wote: msikate mkia.

Zikafuata nyingine. Tumia chombo nyumbani kwako kwanza, ndipo ukitangaze. Ukimpigia mtu, anza na kasoro ya hicho chombo, mfuniko unaolegea au mpini unaopata moto, kisha ndiyo useme uzuri wake. Akikataa, muulize habari za watoto, uage. Na mgeni aliyenyamaza kundini, Shangazi alimpigia yeye mwenyewe. Hakumuuliza ameuza nini. Alimuuliza kama analala.

Kulikuwa na kinyozi mwenye kigugumizi ambaye hakuwahi kufungua kinywa kundini. Shangazi alikuwa akimpigia, anamngoja amalize sentensi, hamsaidii hata neno. Siku moja kinyozi akatuma sauti ndefu, anaeleza habari ya birika, anakwama, anakwamuka, anaendelea hadi mwisho. Msusi alisimamisha mikono kichwani kwa mteja.

"Vipi, umesahau msuko?" mteja akauliza.

"Subiri kidogo. Kuna mtu anazaliwa hapa."

Hakujua kwamba maneno yanaweza kufanya hivyo. Aliiogopa simu kidogo siku hiyo, kama mtu anavyouogopa mto aliouzoea siku unapofurika.

Kisha asubuhi moja simu ikawa kimya. Kundi halikuwepo. Akampigia shemeji.

"Shemeji, kazi imekua," alisema yule. "Wakubwa wa dukani wanataka mtu wa kuandika masomo, wa kuyaweka kwenye skrini."

"Na maneno yangu?"

"Maneno gani? Kuongea kila mtu anaongea, shemeji yangu."

Akakata. Msusi akarudi kwenye kichwa kilichokuwa mbele yake, akasuka kwa nguvu hadi mteja akalalamika.

Dobi ndiye aliyemletea habari kwamba kuna semina ya wageni ukumbini. "Twende," alisema. "Ukaone."

"Nikaone nini?"

"Wewe twende tu."

Walikaa nyuma. Msusi alitegemea chumba cha watu wachache. Alikuta viti vimejaa hadi ukutani na wengine wamesimama dirishani. Pembeni yake aliketi mwanamke kijana mwenye sare ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja, viatu vina vumbi. Mbele, kwenye skrini pana kama ukuta wa nyumba, palichorwa mkia.

"Tusikate nini?" shemeji akauliza kwenye kipaza sauti.

"Mkia," ukumbi ukajibu.

Neno alilolitamka sebuleni, mdomo umebana chanuo, lilitoka kwenye vifua vya watu wote wale kwa pamoja. Nywele zilimsimama. Hasira aliyokuja nayo ilikosa pa kukaa.

Mlinzi akamwinamia. "Wewe ni mgeni, mama? Usiogope. Mkia ni kile kipande cha nyuma. Ngoja nikuoneshe." Akamwonesha pole pole, bila haraka, bila kumdharau, na alipomaliza akamuuliza, "Unalala lakini? Mwanzoni huwa hatulali."

Hata swali la msusi lilikuwa limefika huku kabla yake. Alichotaka sasa ni kimoja tu, huyu binti ajue swali hilo limetoka wapi.

Mzee mmoja akainuka mbele, akauliza kwa nini waanze na kasoro wakati wanataka kuuza.

"Ni mbinu," shemeji akajibu. "Inamlegeza mteja."

"Siyo," msusi akasema. Hakupanga kusimama, ila alikuwa amesimama. "Ni kwa sababu kesho utakutana naye. Utamtazama usoni, naye atakutazama."

Kisha upande wa dirishani sauti ikakwama, ikakwamuka: "Sha... Shangazi?"

Watu wakageuka. Hapa akainuka mmoja, kule wawili, watu ambao hajawahi kuwaona, wanatafuta uso wa sauti wanayoijua. Mlinzi alimtazama, akatazama simu yake iliyobeba sauti ile, akamtazama tena, kisha akainuka na kumpa kiti chake, ingawa msusi alikuwa na cha kwake.

"Huyo ni shemeji yangu, jamani," kipaza sauti kikasema. "Familia imekuja kuniunga mkono. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Wengine walimpigia yeye, wengine walimpigia shemeji, na kwa masikio huwezi kuwatofautisha.

Kinyozi alimsindikiza hadi nje, akamshukuru kwa sentensi nzima, naye akamngoja aimalize. Dobi alishalipa siku aliyomleta. Mlinzi alilipa kwa kiti. Aliyebaki ni shemeji. Anadaiwa sentensi moja, kwa kipaza sauti kilekile, mbele ya watu walewale: kwamba aliyewaambia wasikate mkia ni msusi, na mkia wake mwenyewe ulikatwa na nani.