Siku Shemeji Alipokauka Jasho

Shemeji yangu alisimama katikati ya chumba cha pasi, anakunja shuka ambayo haipo.

Mikono inaenda vizuri kabisa, kona kwa kona. Ila haijashika kitu.

Tukacheka. Mimi wa kwanza.

Nilikuwa msimamizi pale, kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hoteli. Pasi nne za mvuke, dirisha moja, na hilo dirisha tulilifunga ili vumbi lisiingie. Huyu ni mume wa dada yangu. Alisota mwaka mzima bila kazi, nikamuingiza mimi. Ilikuwa wiki yake ya tatu.

Sote mle ndani tulikuwa tumelowa chapachapa. Yeye peke yake mkavu. Nilikuwa nimeshamsifia: "Shemeji, joto umelizoea sasa. Hata tone huna."

Basi, akaanguka.

Nilipomshika shingo, niliondoa mkono haraka. Alikuwa wa moto na mkavu kama karatasi.

"Malaria hii. Mfunikeni," nikasema, nikavuta shuka mbili zilizotoka kwenye pasi muda huohuo.

Yule mama wa kukunja, tuliyemwita Kamanda, akaninyang'anya.

"Mtu anaungua, wewe unamfunika? Mtoe nje. Mvue."

Tukambeba mpaka uani. Kamanda akammwagia ndoo ya maji, akanirushia kipande cha boksi.

"Pepea. Usisimame."

Nikapepea mpaka mabega yakafa ganzi. Maji yakikauka, anammwagia tena. Shemeji anaongea maneno yasiyoeleweka, mara amenyamaza. Aliponyamaza ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitali wakampima: nyuzi arobaini na moja na nusu.

"Yale maji na upepo vimemsaidia sana," daktari akaniambia. Dada yangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi pembeni. "Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Mpaka likauke. Likigeuka mvuke linaondoka na joto la mwili. Kwenye chumba kilichojaa mvuke halikauki, linadondoka bure. Lakini huyu hata hilo la kudondoka hakuwa nalo. Alikunywa dawa yoyote? Kuna vidonge vya mafua vinakausha makamasi, na jasho pia."

Nikajibu haraka.

"Sijui, daktari."

Nilijua. Asubuhi alikuwa na mafua, makamasi yanataka kudondokea shuka nyeupe. Nikampa vidonge vyangu viwili. Kabla ya saa sita nikamuongezea viwili. Nilichojali ni shuka zitoke safi.

Dada alinitazama. Nikaangalia sakafu.

Siku ya tatu shemeji akazinduka vizuri, ila maneno anayatafuta. Anataka kusema "kikombe", anabaki ameshika hewa kwa vidole.

Mimi nakwenda kila siku, napeleka matunda, narudi. Habari ya vidonge siigusi.

Siku ya kumi na mbili nikamkuta dada nje ya wodi, anasuuza chupa ya chai.

"Dada, vile vidonge... nilimpa mimi."

Akaendelea kusuuza.

"Najua."

"Nani kakuambia?"

"Mume wangu mwenyewe. Daktari alipomuuliza, alisema alinunua dukani. Hakutaka ufukuzwe kazi. Akanikataza nisikuulize."

"Sasa mbona umekaa kimya siku zote hizi?"

Akafunga chupa.

"Nilitaka kuona utachukua siku ngapi."

Siku hiyohiyo nikamfuata daktari nikamweleza. Kesho yake nikamweleza bosi, nikafungua lile dirisha. Kazi sikubaki nayo muda mrefu.

Wewe unayesoma hapa: ukimuona mtu kwenye joto kali jasho limemkauka na anafanya mambo ya ajabu, usicheke. Mtoe kwenye joto, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali. Na ukiulizwa ulimpa nini, sema palepale, hata kama jibu litakuvua nguo.

Shemeji amepona karibu kabisa. Tunataniana kama zamani.

Dada yangu ndiye haniiti tena kaka. Ananiita msimamizi.